Mashini ya moshi kwenye reli ya leo: mkono uliofunga robine



Wengi wetu tumesikia wazee wakisimulia habari za mashini za moshi za BCK. Reli ilifika Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, katika mwaka 1910, na kwa miaka mingi shaba yetu ilivutwa na mashini zilizokula kuni na makaa. Zilipiga filimbi usiku, zikatapika cheche kando ya njia, na mtia makaa alirudi nyumbani mweusi kama chungu. Baadaye waya za umeme zikaja. Katika mwaka 1952 kipande cha Jadotville (leo Likasi) mpaka Tenke kilianza kutumia umeme, mashini za mazuti zikafuata, na zile za moshi zikapotea. Jina tu ndilo lililobaki: hata leo tunasema «gari la moshi» tunapoona treni isiyokuwa na moshi hata kidogo.

Lakini kuna nchi ambako mashini hizo hazikupotea. Uingereza ndiyo nchi iliyoanza reli za mvuke, na shirika la reli la kule liliacha mvuke kwenye njia zake kubwa katika mwezi wa 8, mwaka 1968. Miaka mitatu ilipita, na katika mwaka 1971 mashini moja ya zamani ikapewa ruhusa ya kurudi. Tangu hapo hazikukatika. Watu hulipa franga nyingi wapate kukaa siku moja nyuma ya mashini ya babu zao. Kuna hata mashini mpya kabisa, jina lake Tornado, iliyomalizika kuundwa katika mwaka 2008 kwa kufuata mapicha ya zamani.

Mtauliza: mchezo huu wa Wazungu unafanya nini katika ukurasa wa usalama? Unatuhusu, ndugu. Mashini hizi hazizungushwi katika uwanja wa maonyesho. Zinapita kwenye njia moja na treni za mwendo wa kilometa 200 kwa saa, zinafuata taa zile zile, na zinapita chini ya waya zile zile. Ni chombo cha zamani kilichowekwa katikati ya kazi mpya. Sisi pia tunavyo vyombo vya namna hiyo: krini ya miaka arubaini, konveya iliyopewa mota mpya, pompu ya zamani iliyofungiwa kengele jana tu. Aliyeunda chombo hakufikiri kengele hiyo. Ilikuja nyuma, ikashikizwa kwa robine na bulo, na mtumikaji anaiona kama mgeni nyumbani mwake.

Tuanze na waya, maana jambo hili ni letu pia. Waya wa juu wa reli ya Katanga una volti 25,000, na waya wa reli za umeme za Uingereza kwa sehemu kubwa ni huo huo. Umeme wa nguvu hiyo haungoji uuguse. Ukisogea sana, unaruka wenyewe kupitia hewani na kukupata. Sasa fikiri kazi ya mtia makaa wa zamani. Makaa yakipungua mbele, alipanda juu ya tenda, ni kusema lile gari la makaa na maji nyuma ya mashini, akayasukuma kwa pauro. Alikuwa na chuma cha kuchokolea moto, chenye urefu wa mita mbili au tatu, akakiinua na kukigeuza juu ya kichwa bila kuwaza. Katika siku za reli bila waya, hiyo ilikuwa kazi tu. Chini ya volti 25,000 ni kifo. Kwa hiyo mashini hizo zimebandikwa alama za hatari ya umeme pale mtu anapoweza kupanda, na hakuna ruhusa kupanda juu ya tenda pahali penye waya. Hata kujaza maji hufanywa pahali palipochaguliwa mbele. Na katika mwaka 1964, mvuke ulipokuwa ungali kazini, Waingereza walipiga mustari wa manjano wa mshazari kwenye ubavu wa mashini za aina fulani: mustari huo ulisema kwamba mashini hii isivuke mji wa Crewe kwenda kusini, maana huko kuna waya juu. Alama moja ya rangi, na kila mtu aliielewa, hata asiyejua kusoma.

Jambo la pili ni shodiere, lile tangi la chuma linalochemsha maji. Hapa hatari ni ya zamani, lakini haikuzeeka. Ndani ya shodiere ya mashini kubwa mvuke unasukuma kwa nguvu ya kilo 17 na zaidi juu ya kila sentimeta moja ya mraba. Tanuru la moto liko ndani, limezungukwa na maji pande zote, na bamba la juu la tanuru ni lazima lifunikwe na maji saa zote. Maji ndiyo yanayolipoza. Yakishuka chini yake, moto unalichoma tupu, chuma kinakuwa laini, mvuke unakisukuma chini, kinapasuka. Na maji ya moto yale, yakipata njia ya kutoka, yanageuka mvuke mara moja. Lita moja ya maji inakuwa karibu lita 1,600 za mvuke.

Mtia makaa anajuaje kimo cha maji? Kwa bomba dogo la kioo mbele ya macho yake. Tundu moja la bomba linaingia shodiere juu, kwenye mvuke, na lingine chini, kwenye maji. Kimo cha maji katika kioo ni kimo cha maji ndani. Ni kitu rahisi, lakini kinadanganya. Tundu moja likizibwa na uchafu wa maji, kioo kinaendelea kuonyesha maji, maji yale yamekaa tu ndani ya kioo, hayasemi tena habari za shodiere. Kwa hiyo mtia makaa anapaswa kufungua robine ndogo ya chini, kutoa maji ya kioo, kuifunga tena na kutazama ginsi maji yanavyorudi. Yakirudi upesi, kioo kinasema kweli. Yakirudi polepole kama mtu mgonjwa, kioo ni mwongo.

Tarehe 16 mwezi wa 6, mwaka 1995, karibu na Gardners katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, treni ya watalii ya Gettysburg ilikuwa ikivutwa na mashini namba 1278, iliyoundwa Kanada katika mwaka 1948. Maji yalishuka chini ya bamba la tanuru, na watu waliokuwa katika kabine hawakujua. Bamba lilipasuka, mvuke na moto vikaingia kabineni, na watumikaji watatu wakaungua. Abiria nyuma hawakuguswa. Serikali ya kule ilipochunguza, haikukuta siri yoyote. Vijia vya kioo vilikuwa vimezibwa, maji ya shodiere hayakutunzwa vizuri, na watumikaji hawakufundishwa vya kutosha. Jambo moja liliwaokoa: vifungo vinavyoshika bamba lile viliundwa kwa aina mbili, na kwa sababu hiyo bamba liliachia kidogo kidogo badala ya kung'oka lote mara moja. Aliyefikiri vifungo hivyo aliokoa watu ambao hakuwaona kamwe. Nyuma ya ajali hiyo sheria za Marekani juu ya mashini za mvuke ziliandikwa upya katika mwaka 1999: shodiere inafunguliwa na kuchunguzwa yote kisha siku 1,472 za kazi, au miaka 15, hesabu itakayotangulia.

Pale Gettysburg kioo kiliacha kusema kwa sababu hakuna aliyekitunza. Sasa tusome habari ya kengele iliyosema vizuri kabisa, na mkono wa mtu ukainyamazisha.

Kwanza tuelewe kengele yenyewe. Mashinisti wa mashini ya moshi haoni kama mwenzake wa mashini ya umeme. Yule wa umeme amekaa mbele, na kioo kipana mbele ya uso. Yule wa moshi amekaa nyuma ya shodiere ndefu, anatazama njia kwa dirisha jembamba la upande wake, na mvuke ukishuka unamfunika macho. Kabine inatikisika, kelele ni nyingi, joto linachoma. Taa ya njia inapita upesi. Kwa hiyo mashini yoyote ya zamani itakayo kutembea kwenye njia kubwa za Uingereza inafungiwa vyombo viwili. Cha kwanza kinaitwa AWS. Mbele ya taa kuna sumaku katikati ya reli. Taa ikiwa kijani, kengele inalia kabineni. Ikiwa ya rangi nyingine, honi inalia, na mashinisti ana muda wa chini ya sekunde tatu kubonyeza kidude, ni kusema: nimesikia. Hapo alama ya manjano na nyeusi, yenye sura ya ua, inafunguka mbele yake na kubaki ikimkumbusha. Asipobonyeza, freni zinashika zenyewe. Chombo cha pili kinaitwa TPWS. Chenyewe hakiulizi mtu. Treni ikipita taa nyekundu penye chombo hicho, kinashika freni, kimekwisha.

Ni siku ya posho, Jumamosi, tarehe 7 mwezi wa 3, mwaka 2015. Mashini namba 34067, jina lake Tangmere, iliyoundwa katika mwaka 1947, inavuta treni ya watalii ya kampani West Coast Railways kutoka Bristol kwenda Southend. Saa inakaribia kumi na moja na nusu za jioni. Mbele iko njia panda ya Wootton Bassett, pale ambapo reli ya kutoka Wales inaingia katika reli ya Bristol kwenda London. Kabla ya kufika hapo kuna kipande ambacho mwendo umepunguzwa kwa muda, na mbele ya kipande hicho wameweka kibao cha kuonya pamoja na sumaku yake, kama sheria inavyotaka.

Honi inalia. Kidude hakibonyezwi kwa wakati. Freni zinashika.

Sheria kwa saa hiyo ni fupi: treni isimame kabisa, mashinisti aongee na mtu wa sinyali, aeleze kilichotokea, kisha apewe neno la kuendelea. Lakini katika kabine ile kuna robine inayokata chombo cha AWS. Imewekwa kwa ajili ya siku chombo kitakapoharibika, treni isikae porini mpaka kesho. Chombo cha siku ile hakikuharibika. Kilifanya kazi yake sawasawa. Walifunga robine, freni zikaachia, treni ikaendelea bila kusimama.

Na hapa kuna jambo ambalo kila mtumikaji alisome mara mbili. Robine ile haikunyamazisha honi ya kibao kile peke yake. Ilikata AWS yote, na TPWS pamoja nayo. Walitaka kuondoa usumbufu wa dakika moja, wakaondoa ulinzi wote wa safari.

Taa iliyofuata ilikuwa ya kuonya kwamba taa ya mbele yake ni nyekundu. Honi ingelia, haikulia. Alama ya manjano na nyeusi ingefunguka, haikufunguka. Mashinisti hakuitambua taa ile, akaendelea na mwendo. Alipoona taa nyekundu yenyewe alishika freni kwa nguvu zote, lakini uzito wa mashini na vagoni hauna masikio. TPWS iliyopo kwenye taa ile ingeshika freni hapo hapo, ilikuwa imefungwa. Treni ikapita taa nyekundu, ikaenda mamia ya mita, ikasimama kukingama njia panda.

Taa ile ilikuwa nyekundu kwa sababu treni nyingine, ya mwendo mkubwa, ilikuwa inapita kutoka Wales kwenda London. Ilikuwa imekwisha kupita njia panda, chini ya dakika moja mbele. Hakuna mtu aliyeumia. Hakuna gurudumu lililotoka katika reli. Abiria wa Tangmere, nadhani, waliona tu kwamba treni imesimama, na labda wengine walifurahi wakapiga picha.

Mtu mmoja atasema: basi, hakuna kitu kilichotokea. Ni neno linalosemwa sana hata katika viwanda vyetu, kisha jiwe kuanguka karibu na mguu. Waingereza hawakulisema. Mwezi uliofuata kampani ilizuiwa kwa muda kutembeza treni kwenye njia kubwa. Katika mwezi wa 6, mwaka 2016, hakimu wa Swindon aliitoza faini ya pauni 200,000, na gharama za kesi juu yake. Mashinisti akahukumiwa kifungo cha miezi minne, kilichoahirishwa. Walihukumiwa kwa hatari waliyoifungulia mlango, si kwa maiti.

Sasa tuseme ukweli juu ya watu wale. Sitaki kuwaita wapumbavu, maana haingetusaidia kitu. Tuingie katika kabine yao. Treni ya mvuke kwenye njia ya leo ni mgeni aliyeazimwa kiti kati ya wenyeji wenye haraka. Kwa sehemu kubwa haina ruhusa kupita kilometa 120 kwa saa, na nyuma yake zinakuja treni za kilometa 200. Kila kisha kilometa 160 hivi inapaswa kusimama kunywa maji, na mipango ya kujaza maji iko na saa zake. Ukisimama pahali pasipopangwa, freni zinataka muda kujazwa hewa upya, moto unataka kutunzwa, treni nzito inataka kuanzishwa polepole, na nyuma yako watu wengi wanachelewa juu yako. Mtu mwenye kupenda kazi yake anaona haya kuchelewesha wengine. Haya hiyo ndiyo iliyo hatari. Hapana mtu anayefunga robine kwa kutaka ajali. Anaifunga kwa kutaka kazi iende.

Tena kuna mazoea. Honi inayolia mara mia kwa siku inakuwa kama mlio wa senene. Mkono unajifunza kuinyamazisha kabla ya kichwa kuuliza inalia kwa nini. Na chombo kilichoongezwa nyuma ya miaka sitini juu ya mashini unayoipenda, chombo ambacho babu zako katika kazi hawakuwa nacho na walifika nyumbani, ni rahisi kukiona kama kisumbufu cha watu wa ofisi. Babu zetu walifika, ndiyo. Lakini waliofika ndio wanaosimulia.

Jambo jingine: robine ilikuwa karibu na mkono. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa wala kutafuta ufunguo. Kwa maoni yangu hapo kuna kazi ya wakubwa, si ya mtumikaji peke yake. Kifaa cha kukata ulinzi kikikaa wazi kama swichi ya taa ya chumba, ipo siku kitatumiwa kama swichi ya taa ya chumba. Kisipowezekana kuondolewa, kifungwe kadena au tiwe muhuri utakaovunjika, ili aliyekigusa aonekane.

Katika sehemu zetu hakuna mashini za moshi, lakini robine zipo. Kuna kamba ya kusimamisha konveya iliyofungwa kwa waya «kwa sababu inakatakata kazi». Kuna kisimamisho cha mwisho cha krini kilichokazwa kwa kipande cha mti. Kuna fizibli iliyobadilishwa kwa msumari, kinga ya mkanda iliyowekwa kando tangu mwezi uliopita, honi ya kurudi nyuma ya kamioni iliyotolewa waya kwa sababu usiku inasumbua. Nilizitaja zile ninazozijua. Wewe unazijua nyingine.

Chombo cha ulinzi kikikusimamisha, fanya kama sheria ya reli ile. Simamisha kazi kabisa. Mwite kapita au mtu wa usalama, mweleze kilicholia na ulichokuwa ukifanya. Ngoja neno. Kama chombo chenyewe kimeharibika na kazi inapaswa kuendelea, kukatwa kwake kuandikwe katika buku: jina, saa, sababu, aliyetoa ruhusa, na ulinzi gani umewekwa mahali pake mpaka kitengenezwe. Ekipi inayoingia isomewe mstari huo kabla haijashika kazi, maana waliofunga robine wanajua, lakini wale wa zamu ya usiku wanaamini kengele bado iko hai.

Na ukikuta chombo kimefungwa, nawe hukukifunga, usiseme ni mambo ya zamu nyingine. Mwambie kapita saa ile ile, mashini ikingali imesimama.